Siku Basi Lilipotembea Mbaha

Siku halmashauri ilipokuja kulibeba lile basi bovu la kilimani juu ya mwalo, pale boti zetu za uvuvi zinapotia nanga, nusu ya kijiji chetu cha Mbaha ilivaa nguo za kanisani. Usicheke. Mahali ambapo tukio kubwa la mwezi ni mbuzi wa mwenyekiti kula mahindi ya katekista, trekta na mitungi ya gesi ya kukatia vyuma si vitu vya kutazama ukiwa na matambara. Wanawake walifunga vilemba. Wazee walitoa makoti ya Pasaka. Kwaya nzima, ikiongozwa na Beata mwenye sauti ya kengele, ilipanda kilimani na sare zake za bluu nzito, na mpaka leo hakuna aliyeeleza iliitiwa nini.

Lidia Mbele peke yake alikuja na nguo za kazi, mikono inanuka samaki. Alikuwa akigeuza usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, kwenye vichanja vyake vya kuanikia aliposikia muungurumo wa trekta, akaangalia mlimani, kisha akaangalia ziwa. Mlimani basi lilikuwa limezungukwa na watu. Ziwani mawimbi yalikuwa yameanza kuvunjika meupe, kwa maana upepo wa mwera ulikuwa umeamka na hasira zake zote. Na boti ya mumewe ilikuwa haijarudi.

Aliacha usipa pale pale, akapanda kilima mbio.

Ili uelewe kwa nini mwanamke mzima atimue mbio kwa ajili ya basi lisilo na injini, lazima kwanza nikupe habari za baba yake. Dastan Mbele alikuwa mvuvi hodari asiye na mtoto wa kiume. Watu wakamhurumia, yeye akawashangaa. "Amekuja Lidia," alisema. "Sasa nimfundishe nani, paka?" Basi akamweka mtoto kwenye boti, kwanza mbele, baadaye katikati, na mwishowe akampa kasia la nyuma, lile la kuongozea. Lidia alijua kusoma maji kabla hajajua kusoma kitabu cha darasa la kwanza. Lakini alipovunja ungo wazee wakamjia Dastan, wakamwambia mzee, sasa yatosha, binti ashuke. Akashuka. Alilia wiki nzima, kisha akajifunza kuanika usipa, na akawa fundi wa hilo pia, maana kuna watu ambao hata ukiwapa kazi wasiyoitaka hawajui kuifanya vibaya.

Siku zikaja zikapita, akaolewa na Stephano, kijana wa kutoka upande wa Liuli, mpole, mchapakazi, mwenye aibu ya kucheka. Dastan akampa mkwewe boti na akamfundisha njia ya kuingilia mwaloni. Usiku wa kuamkia harusi alikuwa amemwita binti yake pembeni. "Mwanangu, mume akijua kwamba unajua njia, hatalala. Nyamaza." Lidia akanyamaza. Alinyamaza baba yake alipozikwa, akanyamaza alipomzaa Tadea, binti yake wa kwanza, akaendelea kunyamaza. Ila kila boti ilipokuwa ikiingia, akiwa ameinamia vichanja, midomo yake ilikwenda yenyewe bila sauti: ngoja, ngoja, sasa, pinda.

Na njia yenyewe ni hii. Mbele ya mwalo kuna miamba iliyojificha chini ya maji, imekaa kama magego, na katikati yake upo mlango mmoja tu. Ziwa likitulia hata mtoto anaupita. Ziwa likichafuka, kila mahali ni povu na huoni kitu. Hapo mvuvi hulitafuta Jiwe la Mnandi, ambalo ndege wamelipaka weupe kwa kinyesi chao, kisha huinua macho mlimani na kulitafuta basi. Jua la alasiri hulipiga basi usoni likang'aa. Likikaa sawasawa juu ya jiwe, kama mtungi juu ya kichwa, ingia bila hofu. Likiegemea kulia au kushoto, Mungu akurehemu.

Zamani alama ilikuwa mti. Mti ukaanguka, na mwaka huo huo basi likaja kufia pale, wavuvi wakasema Mungu hakosi. Lilikuwa basi jeupe lililoandikwa ubavuni "Mtegemea Nundu," nasi wote tukaliita Nundu. Lilikuwa limeleta watu wa harusi kutoka upande wa Kitai, likavunja ekseli palepale kilimani, watu wa harusi wakashuka kwa miguu huku wakiimba. Mwenye basi alikwenda Songea kutafuta spea, na nadhani anaitafuta hadi leo. Kuku wakahamia. Wapenzi wakahamia baada ya kuku. Magugu yakaota hadi madirishani, na hakuna aliyewahi kulilipia hata senti ya kodi, wala kufikiri kwamba gari lililokufa linaweza kudaiwa.

Halmashauri ilifikiri. Alikuja afisa mmoja, Isidori, Mmatengo wa huko juu Mbinga, mwembamba, mwenye viatu vya mpira na woga wa ziwa usiofichika. Hata akinawa mikono ufukoni alikuwa akisimama mbali. Kazi yake ilikuwa magari yaliyotelekezwa. Alipita barabara zote akiyapiga alama ya rangi nyekundu: hapa pikapu imegeuka zizi, pale lori limeota mpapai tumboni. Kwa kila moja utaratibu ulikuwa uleule. Tangazo linabandikwa kwa mtendaji, mkutano unaitishwa, mwenye gari anaambiwa ajitokeze na kadi yake alipe madeni na aliondoe kwenye hifadhi ya barabara. Asipotokea, gari linauzwa kwa mnada.

"Gari bovu ni kama deni la marehemu," Isidori alituambia mkutanoni. "Kila mtu anajua lipo, hakuna anayetaka kulitaja. Haya, ndugu zangu. Kuna yeyote mwenye neno kuhusu basi hili?"

Ungeona jinsi watu walivyopenda vidole vya miguu yao siku ile. Mkutano mzima uliinamisha kichwa. Mawazo yetu yalikuwa mamoja: atakayefungua mdomo ndiye atakayebambikiwa kodi. Na wavuvi, ambao ndio waliokuwa na neno, walikuwa na kifungo kingine kizito zaidi. Kwao njia ya maji haisemwi nchi kavu. Ni mwiko. Zamani ulikuwa na maana, kwa sababu wezi wa nyavu walikuja kwa mitumbwi kutoka miji mingine. Siku hizi wezi wanakuja kwa pikipiki barabarani, lakini mwiko ni mwiko, na mlinzi wake alikuwa Mzee Augustino, mvuvi aliyestaafu kwa sababu ya magoti na si kwa sababu ya mdomo. Lidia alinyanyuka nusu kutoka kwenye mkeka. Mzee Augustino, bila kugeuka, akakohoa. Lidia akakaa.

Basi Nundu likauzwa. Alilinunua Abdulmajid, mfanyabiashara wa chuma chakavu, mtu mnene mwenye furaha ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye huwezi kumkasirikia hata ukitaka. Likatangazwa kuwa litabebwa Alhamisi. Wavuvi wakaafikiana chinichini: Alhamisi hakuna anayetoka, tutakaa wote nchi kavu, basi likiondoka tutatafuta alama nyingine kwa utaratibu wetu. Mpango mzuri sana. Ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba trekta ya Abdulmajid ilihitajika kwingine Alhamisi, ikaja Jumatano.

Na Jumatano boti zote zilikuwa zimesharudi isipokuwa moja. Ndani yake alikuwamo Stephano, na Clemence mtoto wa Mzee Augustino, na wenzao wawili.

Lidia alipofika juu anahema, vijana wa Abdulmajid walikuwa wamekwisha kukata mlango wa nyuma na vipande viwili vya paa ili kupunguza uzito, na mnyororo ulikuwa umefungwa. Watu wanashangilia kila cheche. Na katikati ya shamrashamra ile yote Mzee Augustino alikuwa amemshika Isidori mkono, uso umempauka, anamwaga uongo kama mtu anayemwaga maji kutoka kwenye boti inayozama.

"Ndani mna nyuki, mwanangu. Nyuki wakali. Waliua ng'ombe."

"Shikamoo mzee," alisema Isidori kwa upole.

"Marahaba. Na si nyuki tu. Hapo alizikwa mtu. Usiku anapiga honi."

"Mzee wangu, betri ilitolewa zamani." Isidori alicheka. "Kingerikiti waliniambia kuna chatu. Kwingine wakaniambia kuna bibi analia ndani ya tela. Kila gari ninalotaka kuliondoa lina zimwi. Sijawahi kuambiwa lina mwenyewe."

"Lina mwenyewe!"

Watu waligeuka. Lidia alikuwa amesimama mbele ya trekta, magamba ya usipa hadi viwikoni.

"Ni langu," alisema. "Basi hili ni langu mimi. Fungua mnyororo."

Mama mmoja akajishika kichwa. Beata akanong'ona, "Mama Tadea, umerogwa? Watakudai mpaka vichanja!"

"Mama," alisema Isidori, "kadi ya gari iko wapi?"

"Sina."

"Ukisema ni lako, na madeni yake yote ni yako."

"Yawe yangu. Niandike jina. Ila basi lisisogee mpaka jioni."

Isidori alimtazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile akimtazama mtu na si gari. "Mama, hata ningetaka, mnada umepita. Basi ni la huyu bwana. Mimi nasimamia tu liondoke."

Abdulmajid akaweka mkono kifuani. "Dada yangu, wallahi ningekupa kiti kimoja ukakae nyumbani. Lakini trekta hii si yangu peke yangu, na jua linakwenda." Akampungia dereva.

Hapo Lidia akaangalia tena ziwani. Mbali, kati ya meupe ya mawimbi, palikuwa na kitone cheusi kinachopanda na kushuka. Alimwona baba yake, aliona kikohozi cha Mzee Augustino, aliona miaka yote ya kunyamaza, na akaitema yote kwa mara moja.

"Wanaingilia kwa basi hili!" alipaza sauti. "Wavuvi! Wanalipanga basi juu ya Jiwe la Mnandi, ndipo wanaujua mlango! Mume wangu yuko pale, na mtoto wa huyu mzee yuko pale. Mkiliondoa sasa hivi mnawaua!"

"Nyamaza, binti Dastan!" Mzee Augustino alinguruma. "Nani amekufundisha maneno hayo? Njia haisemwi..."

"Clemence yuko majini, mzee!"

Mzee akageuka kutazama ziwa. Lakini balaa la uongo ni kwamba huwa unautangulia ukweli na kuuchafulia njia. Isidori alikuwa ameshapewa nyuki, marehemu mpiga honi, na mwenye gari asiye na kadi. Sasa anapewa basi linaloongoza boti. Alitikisa kichwa kama mtu aliyechoka kudanganywa. "Twende," alimwambia dereva.

Trekta ikavuta. Nundu likalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, magugu yakakatika, kuku wakatawanyika kila upande, na basi lile ambalo watoto wetu waliliona halijongei tangu wazaliwe likaanza kutembea. Watu walisahau kila kitu. Walipiga vigelegele! Lilikwenda kufuata njia ya mgongo wa kilima, taratibu, kubwa, jeupe, jua la alasiri likiwaka kwenye vioo vyake vilivyobaki.

Lidia hakuliangalia basi. Aliiangalia boti. Na alichokiona kilimfanya amshike afisa wa serikali ukosi wa shati.

"Tazama! Usinitazame mimi, tazama kule!"

Isidori akatazama, kwa kuwa shati lilikuwa lake. Basi lilikuwa linakwenda kulia. Na kule majini, ile boti ilikuwa inajongea kushoto. Basi likisogea, boti inasogea, kama sahani mbili za mizani moja. Wale watu wanne walikuwa wakihangaika na makasia kuliweka basi juu ya jiwe kama walivyofundishwa, na kila walipoliweka lilihama, nao wakalifuata, na kule walikokuwa wakilifuata hakukuwa na mlango, kulikuwa na magego matupu na povu.

"Simamisha!" Isidori alipiga yowe. "Simamisha trekta! Zima!"

Trekta ikazima. Basi likasimama. Na boti, Mungu ni shahidi, ikaacha kujongea, ikageuza pua yake moja kwa moja kuelekea kwenye miamba.

Sasa vigelegele vilikufa. Kila mtu aliona. Hata watoto waliona.

"Rudisha nyuma!" alisema Isidori.

"Nirudishe na nini?" dereva alilia. "Huu ni mnyororo, mzee, unavuta tu, hausukumi!"

Nimewahi kuona watu wakishikwa na bumbuwazi, lakini Lidia siku ile hakushikwa na chochote. Alipiga kelele hadi sauti ikakwaruza. "Lifichwe! Lifunikeni basi, wasilione! Tajiri, turubai lako! Beata, kwaya yote ubavuni, jipangeni, bega kwa bega!" Naye mwenyewe akakimbilia kile kipande kikubwa cha paa kilicholala kwenye majani, akakinyanyua, kikamshinda, akakinyanyua tena. Mkono mwingine ukashika upande wa pili. Ulikuwa wa Isidori. Walikimbia nacho hadi pale Nundu lilipolala miaka yote, ambapo ardhi ilikuwa tupu, nyeusi, imejaa manyoya ya kuku, wakakisimamisha.

"Hakitoshi!" alisema Lidia. "Kingine! Na mlango!"

Abdulmajid alikuja na kipande cha pili, anatweta, kofia imeanguka, na nyuma yake wanaume wanne na ule mlango. Huko nyuma vijana wake walikuwa wametupa turubai juu ya basi, na pale lisipofika walijazwa wanakwaya, ukuta wa bluu nzito, na wazee na makoti yao meusi, na akina mama waliovua vitenge vya pili na kuvitandaza kwa mikono iliyonyooshwa. Ghafla Nundu halikuwepo tena duniani. Beata hakuweza kujizuia, akaanzisha wimbo. Wakaitikia wote, huku wanalia.

"Inamisha kidogo," Lidia alimwambia Isidori. "Kielekee jua. Zaidi. Hapo! Msipumue!"

Makali ya bati yalikuwa yamemkata viganjani, damu inateremka hadi kwenye magamba ya usipa, wala hakujua. Alikuwa pale kilimani na alikuwa pale botini. Aliiona pua ya boti ikitikisika, ikisitasita. Walikuwa wamepotelewa na basi. Walikuwa wanatafuta. Wimbi likawanyanyua, likawaficha, likawatoa tena, karibu zaidi na miamba. Niangalie, Stephano, alisema moyoni. Usiniangalie kwa macho ya mume, niangalie kwa macho ya mvuvi. Mimi ndiye basi. Niweke juu ya jiwe.

Boti ikageuka.

Iligeuka polepole, kwa uzito, ikikatiza mawimbi kwa ubavu, na watu wote kilimani wakaegemea kulia pamoja nayo kana kwamba wangeisukuma kwa mabega. Midomo ya Lidia ikaanza, na mara hii sauti ikatoka, kubwa, mbele za watu, mbele ya Mzee Augustino, mbele ya serikali: "Ngoja. Ngoja. Ngoja, Stephano... Sasa! Pinda!"

Boti ikapinda. Povu likawameza. Beata akakata wimbo katikati. Kisha upande wa huku wa miamba, kwenye maji tulivu, boti ikachomoza na watu wanne ndani yake, wote wanne, niliwahesabu kwa kidole kama mtoto.

Siwezi kukueleza makelele yaliyofuata. Abdulmajid alimkumbatia Mzee Augustino, mzee akamkumbatia dereva wa trekta. Watu waliporomoka kilima chote kwa nguo zao za kanisani na kuingia ziwani hadi kiunoni. Isidori naye aliingia, yule mwoga wa maji, viatu vya mpira vikajaa, na akasaidia kuivuta boti nchi kavu akicheka kama mlevi.

Stephano alishuka mwisho. "Tuliona basi linatembea," alisema, akimtazama huyu na yule. "Jamani, tuliona Nundu linatembea! Clemence akasema ndiyo hivyo, tumeshakufa, ndivyo kunavyoonekana huko. Halafu likapotea. Halafu nikaona kitu kinang'aa mahali pake. Nikawaambia wenzangu, aliyeshika kitu kile anayajua maji. Ni nani?"

Lidia alificha viganja nyuma ya kanga. Ni Mzee Augustino aliyesema, huku amemng'ang'ania mwanawe mkono na hataki kuuachia.

"Mkeo. Amesema njia nchi kavu, mbele ya kila mtu. Faini ni kuku. Kuku huyo nitamtoa mimi."

Stephano akamtazama mkewe. Hakucheka, hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango ambao hakuwahi kujua kwamba nyumba inao, na hilo ndilo lililomtisha Lidia kuliko mawimbi.

Mambo ya serikali yakaenda upesi. Abdulmajid alisema kisheria vipande vile vya paa ni vyake, na kwa hiyo ana haki ya kuvisahau popote anapotaka, naye amevisahau kilimani. Isidori aliahidi kwamba halmashauri haitaondoa gari jingine lolote linaloonekana kutoka ziwani kabla ya kuwauliza wavuvi, na safari hiyo, alisema, mtajibu, nyuki sitaki tena. Fundi akachimbia nguzo mbili pale pale Nundu lilipokuwa limelala, vipande vikapigiliwa, na Nundu lililobaki likaondoka na trekta huku watoto wakilikimbiza.

Nyumbani Lidia alipika ugali kwa viganja vilivyofungwa vitambaa. Stephano alikula. Baadaye akauliza, macho yako kwenye sahani, "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujafika Mbaha."

"Na kila nilipoingia, ulikuwa ukiniangalia."

"Kila ulipoingia."

Akatikisa kichwa taratibu, akanawa, akaenda kulala. Lidia alibaki na masufuria yake. Mume akijua, hatalala, baba alisema. Lakini alipoingia chumbani alimkuta Stephano anakoroma.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kama halikufanya kitu jana. Wanaume walisukuma boti majini, Clemence akarukia mbele, wale wawili wakafuata. Stephano aliingia wa mwisho. Hakwenda kwenye nafasi yake. Alikaa katikati, akashika kasia la kawaida kama kibarua, akatazama mbele. Nyuma ya boti palibaki wazi, na kasia la kuongozea lilikuwa limelazwa pale, mpini wake umeelekea ufukoni.

Boti haikuondoka. Waliokuwa ndani yake hawakugeuka wala kuita. Walingoja tu, maji yakiwapigapiga ubavuni.

Lidia alikuwa kwenye vichanja, ameshika fungu la usipa. Aliliweka chini. Akavua kandambili, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, na akaingia majini.